Wajukuu wa Kisesa: Jumamosi ya vitabu na ngoma

JUMATANO

Shangazi Nyakato, 06:41
Wanafamilia mwangaluka. Narudia ya wiki iliyopita mana niliona tiki za bluu tu. Nataka kila Jumamosi wale wadogo wote wakutane nyumba moja, saa nne mpaka saa saba, wasomewe vitabu waimbe wapige ngoma. Kiswahili, Kisukuma, Kikerewe, na hicho Kingereza chenu cha shule. Hii Jumamosi tunaanzia kwangu. Nani analeta nini?

Shangazi Nyakato, 07:30
Msinisome mkanyamaza.

Dogo SAUT, 08:20
Mi naleta tumbo 😂 sato atakuwepo?

Shangazi Nyakato, 08:21
Kuna matobolwa ya viazi na chai. Wewe utabeba ngoma. Wengine?

Baba Shija, 09:15
Dada wazo zuri ila lugha nne kwa mtoto wa miaka mitatu ni mzigo, atachanganyikiwa. Na shule walishatuambia nyumbani tuongee Kingereza tu, ada yenyewe naijua mwenyewe ninavyoitafuta.

Shangazi Nyakato, 09:17
Kingereza atakipata hukohuko anakolipiwa. Kisukuma atakipata wapi, stendi ya Buhongwa?

Mama Kulwa, 09:40
Shikamoo wifi. Shemeji hapo kwenye kuchanganyikiwa niseme kidogo, mana kliniki tunaulizwa kila siku. Mtoto akisema "mama nataka water" hajachanganyikiwa, kachukua neno lililo karibu, hata sisi humu tunaongea hivyohivyo. Maneno yake yahesabu ya lugha zote kwa pamoja, usihesabu ya Kiswahili peke yake ukasema kachelewa. Wa kuletwa tumwangalie, masikio kwanza, ni yule kafika miaka 2 na hajaunganisha hata maneno mawili kwa lugha yoyote ile. Na katuni msizitegemee, mdogo anashika lugha kwa mtu anaemjibu, simu haimjibu.

Dogo SAUT, 09:42
Yangu inanijibu kila siku "salio lako halitoshi" 😂😂

Mjomba Nansio, 09:42
😂😂😂😂

Shangazi Nyakato, 09:44
Dogo tulia. Mama Kulwa asante. Tuendelee, VITABU.

Baba Shija, 10:05
Vitabu vya watoto vya Kisukuma utavitoa wapi dada?

Shangazi Nyakato, 10:13
Cha picha cha Kiswahili kinatosha, picha unaiongelea kwa lugha yoyote. Jana nimekaa na Doto na kile chenye mtumbwi, kagoma kufunua ukurasa, kidole kimeng'ang'ania palepale, "injini iko wapi? na taa je?", tumeuongelea huo mtumbwi mpaka uji ukapoa, mi namuuliza Kisukuma yeye ananijibu Kiswahili, sijamkatisha hata mara moja. Baadae tukaimba na makofi, sa-ma-ki, m-tu-mbwi, anasikia kabisa neno linapokatika, na Kiswahili kinaandikwa kinavyosikika kwa hiyo hizo silabi za makofi ndo atakazozikuta kitabuni. Akishashika kusoma kwa namna hiyo, Kingereza na herufi zake zinazobadilika badilika zitamkuta anajua tayari kusoma ni kitu gani.

Mjomba Nansio, 10:30
Huyo mpwa wangu kabisa. Mtumbwi wa dagaa bila taa unaenda kufanya nini usiku 😂 Ila jamani Kikerewe msikiweke mkiani. Mzee Kitereza wa huku kwetu Ukerewe alimaliza kitabu kizima kwa Kikerewe mwaka 1945, hakupata wa kukichapa, akaja kukigeuza Kiswahili mwenyewe ndo kikatoka 1980. Mtu kakaa na maandishi yake miaka 35 na sisi kuongea tu na watoto tunasumbuana.

Shangazi Nyakato, 10:31
Basi njoo Jumamosi uwaimbie.

Mjomba Nansio, 10:50
Hii haiwezekani, ni siku za giza, tupo ziwani. Subiri mbalamwezi, hapo dagaa hawafuati taa na sisi tunalala, nashika meli nakuja.

Shangazi Nyakato, 10:52
Sawa nimekuandika. Na tukiongelea nyimbo, za Babu zote ziko kwenye kaseti, na sanduku tunajua liko kwa nani.

Baba Shija, 10:53
Dada hilo lilishaisha.

Shangazi Nyakato, 10:53
Lilimalizwa na nani? Mi kwenye kikao sikuwepo.

Mama Mdogo Geita, 11:20
Hata mimi sikuwepo.

Baba Shija
*Ujumbe huu umefutwa*

Dogo SAUT, 11:24
Nimewahi kuusoma 🙊 Jamani mi nasema tuwapeleke Bujora kwenye Bulabo, ile sikukuu ya ngoma za Wasukuma, wakaone yale makundi mawili, Bagika na Bagalu, wanavyoshindana, kila mtoto achague upande. Mi Bagalu.

Mama Mdogo Geita, 11:25
Weee! Babu yako Bagika damu, usitutie aibu.

Baba Shija, 11:26
Bagika 💪

Dogo SAUT, 11:26
Mwaka jana nani alikimbiwa na watu uwanjani?

Shangazi Nyakato, 11:40
Nyie. Watoto.

Dada wa Kisesa, 14:02
Bibi nimemsomea yote, anasema niandike anavyotamka nisipunguze:
Nimesikia. Mtoto wa Baba Shija alikuja Krismasi, nikamwita, akakimbilia kwa mama yake kuuliza nimesema nini. Mtoto simlaumu. Msiniletee wajukuu waimbe mpige picha muondoke. Mleteni akae. Nachagua mchele yupo hapo, namsemesha, anijibu kwa anachokijua, jioni namtegea vitendawili, namwambia kalagu mpaka azoee kuitika kize. Mama Kulwa aimbe Kikerewe chake kwa sauti humu ndani, asinong'one tena. Na sanduku ni langu, Babu yenu alinikabidhi mimi. Lije.

Mjomba Nansio, 14:31
Wabeja sana Bibi 🙏

Mama Kulwa, 15:10
🙏 Asante mama.

Baba Shija, 16:47
Nimesikia mama.

Shangazi Nyakato, 16:49
Vizuri. Basi ni Kisesa, na sanduku linakuja Jumamosi.

Baba Shija, 17:30
Jumamosi Shija ana tuisheni dada.

Shangazi Nyakato, 17:31
Ya miaka mitatu???

Baba Shija, 17:33
Mama yake kashalipia. Labda Jumapili mchana.

Mama Mdogo Geita, 18:15
Jumapili mi nina jumuiya.

Shangazi Nyakato, 18:16
Atakaekuja atakuja. Redio ya kaseti nani anayo?

Dogo SAUT, 18:40
Ipo kwa fundi Mabatini ila inakula mkanda.

IJUMAA

Binamu Dar, 22:08
Shikamooni, ndo naona. Msithubutu kutumia hiyo ya Mabatini, nyimbo za Babu hazina nakala nyingine. Ninayo nzima hapa, na kaseti zizungushwe kwanza kwa kalamu taratibu mana zimelala muda mrefu, halafu mtu arekodi kwenye simu papohapo zikiwa zinapigwa. Ila kwani ni Jumamosi ipi, si tulisema mwezi wa sita?

Shangazi Nyakato, 22:09
Ni kesho. Itume kwa basi.

Shangazi Nyakato, 22:26
Nimeona umesoma.