Naomba ushauri: nimepewa kazi ya kupiga picha na kuandika safari ya kuwinda ndege Tanzania

Mpigapicha wa Mambrui

Asalaam aleikum wanajukwaa. Mimi ni mpiga picha hapa Malindi, na riziki yangu hutokana na wageni wanaokuja kutazama ndege katika msitu wa Arabuko-Sokoke, Mida na mlango wa Mto Sabaki. Jarida moja la ng'ambo linalosomwa na wawindaji limeniagiza niandamane na kundi la wageni wanaokwenda kuwinda kanga, kwale na firigogo (ndege wa nyika wanaofanana na njiwa) kaskazini mwa Tanzania, nipige picha na kuandika makala ndefu. Malipo yanaridhisha, na malazi yatagharimiwa na kampuni ya uwindaji inayowapokea wageni hao.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kampuni hiyo imeomba kuisoma makala kabla haijachapishwa, na mhariri yuko kimya. Pia sijawahi kufanya kazi karibu na bunduki. Isitoshe, uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku hapa Kenya mwaka 1977, na wateja wangu ni watu wanaoweza kukesha msituni ili wamwone tu bundi mdogo wa Sokoke. Sijui watanichukuliaje wakiliona jina langu chini ya picha ya kwale aliyekufa. Niikubali kazi hii, na nikiikubali, niifanye vipi?

Bint Takaungu

Wa aleikum salaam kaka. Mimi huhariri makala za safari, na nitaanza na hilo la kampuni kutaka kusoma kwanza, kwa kuwa ndilo litakaloamua kama utarudi na makala au na tangazo la biashara. Anayekulipia kitanda na chakula hana haki ya kushika kalamu yako. Mwandikie mhariri leo, umweleze nani anagharamia nini, na umwombe akuthibitishie kwa maandishi kwamba kampuni itaulizwa mambo ya hakika tu, kama vile majina ya mahali na ada za leseni, wala haitapewa rasimu. Mwombe pia makala iwaambie wasomaji kwamba ulikuwa mgeni wa kampuni. Kisha tazama mkataba unasema picha zitabaki mikononi mwa nani, kwa maana kampuni za namna hii hupenda kuzitumia kwenye vipeperushi na kurasa zao, na matumizi hayo yana bei yake mbali na malipo ya jarida. Sisi watu wa Pwani huona haya kutaja bei mbele ya mtu aliyetukaribisha chakula, na haya hiyo hutugharimu.

Mzee wa Ganda

Mwanangu, niliwahi kufuatana na wawindaji ndege upande wa Tanzania kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitasema juu ya bunduki. Wawindaji husimama au hutembea kwa mstari, na bunduki ya marisawa hutapanya chembe ambazo, hata zikiwa zimeishiwa nguvu ya kumwangusha ndege, bado zinaweza kumharibu mtu jicho. Mahali pako ni nyuma ya mstari, karibu na bega la mwindaji, na usisogee mbele hata hatua moja mpaka kiongozi aseme bunduki zote zimefunguliwa na hazina kitu. Nyingi hukunjika katikati, kwa hiyo utaziona mitutu ikining'inia wazi. Vaa miwani ya kinga, vizibo vya masikio na kofia ya rangi kali. Mgeni akikuomba umpige picha akikuelekezea mtutu, mkatalie, hata akiapa kwamba ameshatoa risasi.

Firigogo ndio watakaokupa picha. Jua likishapanda kidogo huja majini kwa makundi, na utawasikia wakiita kabla hujawaona. Huzunguka, hushuka, hunywa haraka na kuondoka, basi usihangaike kuwafuata angani. Chagua pembe yenye mwanga, weka kasi ya shata isiyopungua 1/2000 ya sekunde na uwasubiri waingie. Wakati wa kutunza makinda, dume huloweka manyoya ya tumbo na kuyabeba maji hayo mpaka kwa watoto wake. Liandike hilo, kwani msomaji akilijua ataelewa kwa nini kulizingira bwawa kutwa nzima ni jambo la aibu hata mbele ya wawindaji wenyewe.

Ndege akishaokotwa, macho hufifia upesi na mwili hukakamaa. Kama unataka picha yake ya karibu, ipige mapema, huku damu ikiwa bado mdomoni. Mgeni atataka uifute damu hiyo. Mimi nisingeifuta.

Karani wa Kilifi

Ndugu, hakikisha makaratasi. Mkenya huingia Tanzania bila viza, lakini kazi ya kulipwa ni jambo jingine, hivyo ulizia mapema vibali vya kazi na vya kupiga picha, uvione kwa macho yako. Uwindaji wa kule unaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, na mapori ya akiba yako chini ya TAWA, mamlaka ya Tanzania ya usimamizi wa wanyamapori. Omba kuonyeshwa leseni ili ujue ni ndege gani wameruhusiwa. Ukirudi kupitia Horohoro na Lunga Lunga, usibebe unyoya wala ganda la risasi kama kumbukumbu. Sheria yetu ya wanyamapori ya 2013 huuhesabu hata unyoya kuwa nyara.

Mwana wa Mida

Mimi ningeikataa. Wateja wa Sokoke hawapatikani kirahisi.

Mkaazi wa Mokowe, Lamu

Mimi naona aende, ila asiwaandike wageni peke yao. Huku kwetu Waaweer waliishi kwa uwindaji na asali ya msitu wa Boni, na marufuku hiyo ya 1977 iliwageuza wahalifu katika ardhi yao. Kule pia wapo wanaofukuza kwale vichakani na kuokota walioanguka. Waulize majina yao, wanalipwa nini na nyama inakwenda wapi, na uwataje kwenye maelezo ya picha. Wakipiga bata, uliza pia kama marisawa ni ya madini ya risasi, ambayo huwadhuru ndege wa maji wakiyameza. Umoja wa Ulaya umeyapiga marufuku kwenye ardhioevu tangu Februari 2023.

Mpigapicha wa Mambrui

Nawashukuru nyote. Dada wa Takaungu, mhariri amejibu: kampuni haitapewa rasimu, na makala itasema nani alilipa malazi. Nimeikubali kazi. Ndugu wa Mida, wateja wangu wa kudumu nimewaandikia mwenyewe kabla ya kuondoka. Mmoja ameghairi safari yake ya Sokoke, na wawili wameomba niwatumie makala ikitoka.