Soksi za baiskeli kwa joto hili: pamba, merino au polyesta?

Kanyagio_Ntinda: Jamani, mi Jumamosi nachapa pedali Kampala hadi Jinja, kilomita 80 hivi, na nikifika Lugazi miguu ishaiva ndani ya viatu. Soksi zangu ni pamba, zile za ofisini. Nimeonyeshwa merino nyepesi, ile sufu ya kondoo, na polyesta ya matundu, merino bei karibu mara tatu. Nani kavaa zote?

fundi_spoku: Pamba achana nayo ssebo. Inakunywa jasho halafu hailiachii, ngozi inalainika, inasuguana na kiatu, malengelenge hayo. Polyesta haishiki maji, upepo kidogo tu imekauka. Ila inanuka! Isahau kwenye begi mpaka Jumatatu uone kama hutahama nyumba.

DadaPedali: Mi merino tu. Watu wakisikia sufu wanawaza sweta, kumbe uzi wake mwembamba, unanyonya jasho mpaka karibu theluthi ya uzito wake na bado huhisi umelowa, harufu hamna hata kesho yake. Nilienda nazo Masaka kupitia Kayabwe pale kwenye ikweta, nikalala, nikarudi na jozi ileile. Ubaya ni kisigino kinatoboka mapema, tafuta iliyochanganywa nailoni, merino tupu sinunui tena. Na ikilowa mvua inachelewa kukauka.

Kanyagio_Ntinda: Kwa hiyo kwenda na kurudi polyesta, safari ya kulala merino?

DadaPedali: Ndo hivyo.

mzee_wa_milima: Mnabishania uzi wakati ufumaji hamjauangalia. Ingiza mkono ndani ya soksi, inua juani, usipoona mwanga upande wa juu wa mguu hiyo ni blanketi hata lebo iseme nini, maana upepo unaingilia huko juu, chini kuna soli. Halafu ijaribu na kiatu chenyewe, soksi nene kwenye kiatu cha kubana vidole vinakufa ganzi kabla hujaona msitu wa Mabira. Na iwe imepita kifundo, zile fupi vumbi la murram linaingia linasugua kama msasa.

boda_mstaafu: Mi mivumba, yaani mitumba, soko la Owino, ukiamka mapema unapata nzuri. Vuta lasitiki kwanza, iliyolegea itakushukia kisiginoni katikati ya mlima, na utashuka kuipandisha mara ngapi?

Kanyagio_Ntinda: Nimechukua polyesta jozi mbili, nikazipima mwanga kama mzee alivyosema, muuzaji ananiangalia tu. Mvua imenipiga Seeta, nafika nyumbani zimekauka karibu zote, lengelenge hata moja hamna. Saa hizi ziko nje kwenye kamba, mama watoto kasema zisiingie.