Mombasa siku tatu na bibi wa miaka 74 na mjukuu wa miaka 8: tupange vipi?

Mwana_wa_Molo:
Hamjambo wenyeji wa Mombasa. Desemba tunamleta mama, ana miaka 74, pamoja na mwanangu wa miaka 8. Mama hutembea na mkongojo kwa sababu ya goti la kulia, ngazi nyingi hawezi, na yuko kwenye dawa za presha. Mtoto hatulii. Tutatoka Nairobi kwa treni, tulale Nyali, na tuna siku tatu kamili. Tungependa Fort Jesus, Mji wa Kale, wanyama na bahari. Mtoto ameshasikia habari za feri ya Likoni na hataki kuikosa. Tupange vipi bibi asichoke na mtoto naye afurahi?

Kibokoni_Kwetu:
Karibuni sana dada, na bi mkubwa umpe shikamoo zetu. Nakushauri upange safari kwa kufuata jua, mahali patajipanga penyewe. Desemba ni kaskazi: joto limepanda na hewa ina unyevu. Tokeni kuanzia saa mbili hadi saa nne na nusu asubuhi, rudini mkale, bibi alale, kisha mtoke tena baada ya saa kumi. Baadhi ya dawa za presha humfanya mtu akojoe sana, na kwa jua hili maji humwishia mwilini upesi, asimame ghafla apate kizunguzungu. Muulizeni daktari wake kabla ya kusafiri, na chupa ya maji isitoke mkononi.

Siku ya kwanza anzeni Ngomeni, yaani Fort Jesus. Lango hufunguliwa saa mbili asubuhi na saa hiyo kuta bado zinatoa kivuli. Kiingilio hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, kwa hiyo mwe na salio na chaji. Bebeni vitambulisho vyenu na nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, la sivyo mtashindwa kuthibitisha bei ya raia. Kutoka langoni mnapanda kidogo, halafu uwanja wa ndani ni tambarare, ila sakafu ni ya mawe ya matumbawe yenye mashimo. Mkongojo uwe na mpira mpya chini, ule uliolika huteleza. Kandambili bibi aziache chumbani, avae viatu vinavyoshika kisigino.

Hapo mgawanyike. Mmoja abaki na bibi kwenye jumba la makumbusho, chini, penye kivuli. Mna vyombo vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697, wakati Waomani wameizingira. Mzingiro huo ulianza 1696 ukaisha 1698. Mwingine apande na mtoto kwenye kuta na mizinga, mkono kwa mkono, kwa sababu kingo nyingine ni fupi na chini ni mbali. Mwambieni mtoto kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na kwamba Waingereza waliigeuza gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Watoto hupenda sana hilo la gereza. Saa moja na nusu inatosha. Nendeni msalani kabla ya kutoka, kwa sababu vichochoroni mtahangaika.

Mji wa Kale msiumalize wote. Fuateni Ndia Kuu kutoka Ngomeni mkitazama milango ya nakshi na roshani za mbao, mfike Msikiti wa Mandhry wenye mnara wake mnene wa kuchongoka, kisha mwite tuktuk. Ni mwendo mfupi na hauna kilima cha kutisha. Vaeni nguo za kusitiri mabega na magoti, na mtu msimpige picha kabla ya kumwomba. Ijumaa kuanzia saa sita hadi saa nane mchana acheni kabisa, watu wako kwenye swala na maduka mengi yamefungwa.

Reli_na_Barabara:
Naongeza la treni, kwa sababu hapo ndipo wazee huchoka kabla hata ya kufika. Chukueni ile ya saa mbili asubuhi, hufika stesheni ya Miritini karibu saa nane mchana. Ya saa tisa alasiri hufika usiku, na giza linaweza kumkatizia mtoto Tsavo na ndovu wake wekundu kwa vumbi la kule. Tikiti kateni mapema kwa *639#, maana Desemba hujaa wiki kadhaa kabla. Tangu Januari 2024 nauli ni shilingi 1,500 kwa ekonomi na 4,500 kwa daraja la kwanza, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Viti vya ekonomi vinatazamana na magoti hugusana na ya mwenzako. Kwa goti bovu, saa sita za hivyo ni nyingi mno. Kama fedha haitoshi wote, bibi akae daraja la kwanza na mtu mzima mmoja, wengine ekonomi.

Fikeni stesheni saa nzima kabla. Mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, halafu hupita kwenye mashine, na foleni ni ya kusimama. Dawa za bibi ziwe kwenye mkoba wake mwenyewe. Stesheni ya Miritini iko mbali na mjini, kwa hiyo teksi ya Nyali pangeni kabla ya kushuka.

Ndani ya mji tumieni tuktuk. Hatua yake ni fupi kuliko ya matatu, goti haliumii. Bei mpatane kabla ya kupanda, na bibi akae upande wa kushoto ashukie kando ya barabara.

Mwana_wa_Molo:
Asanteni mno. Na feri? Na bahari twende saa ngapi?

Mvinje_wa_Bamburi:
Feri kwa miguu ni bure, lakini kwa bibi wa mkongojo siipendekezi asubuhi wala kuanzia saa kumi na moja jioni. Watu huzuiliwa kwenye banda, geti likifunguliwa wote hukimbilia chomboni. Njia ya kushukia ina mteremko, na maji yakiwa yamekupwa huwa mkali zaidi na yenye utelezi. Mtu mmoja avuke na mtoto kama saa nne asubuhi, waende na kurudi. Bibi asubiri kwenye bustani ya ufuoni ya Mama Ngina, chini ya mibuyu, na dafu lake mkononi. Akikaa pale ataona meli za makontena zikiingia Kilindini karibu kabisa na ufuo. Jioni rudini wote hapo hapo kwa mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu. Mabuyu mtoto ayamung'unye tu, mbegu asizitafune, na bibi mwenye meno ya bandia ayaache kabisa.

Kibokoni_Kwetu:
Kwa feri nakubaliana nawe. Bibi akitaka leso, mpelekeni Biashara Street siku isiyo Jumapili. Huuzwa doti, vipande viwili havijakatwa, na mafundi wako papo hapo wa kukata na kukunga. Asome jina la leso, yale maneno yaliyochapwa juu yake, kabla ya kulipa, zawadi ya leso ni maneno yake.

Mvinje_wa_Bamburi:
Siku ya wanyama ni Haller Park. Palikuwa machimbo ya saruji, na René Haller alianza kupanda mivinje pale mwaka 1971, ndiyo maana leo njia zina kivuli na karibu zote ni tambarare. Twiga hulishwa saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Kwa bibi chagueni ya saa tisa, kivuli kipo hata kabla ya saa kumi, mwingie saa nane na nusu. Hapa ndipo kiboko Owen, aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004, alipojiambatanisha na kobe mkubwa aitwaye Mzee. Msimulieni mtoto kabla ya kuingia.

Bahari tazameni mwezi kwanza. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa: hujaa karibu saa kumi alasiri na hukupwa karibu saa nne asubuhi. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kama dakika 50. Mtoto akitaka kuogelea, nendeni ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa kabisa, yakiwa kiunoni mwake, mtu mzima akiwa naye majini. Maji yakikupwa hakuna kuogelea, mtatembea kwenye miamba, na hapo mtoto lazima avae viatu vya raba kwa sababu ya viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Bibi abaki kwenye mchanga mgumu uliolowa, karibu na maji. Ule mkavu wa juu humeza mkongojo.