Tupeane uzoefu: umewahi kufanya nini kwa ajili ya mmea mpaka majirani wakakuangalia mara mbili?

Bi Asumini (Langoni, Lamu)

Assalaam aleikum jamaa, na wengine hamjambo. Nimeona tukutane hapa sisi wenye maradhi ya miti na maua, kila mtu aseme lake. Naanza mimi ili msione haya.

Nna mti wa asumini sakafu ya juu, kwenye karai la zege, ulipandwa na mamangu. Mama alikuwa akitunga vikuba vya harusi, vile vishada vya maua ya kunukia, mtaa mzima wamjua, asumini na rihani na mawaridi, mlangilangi akiupata, na mkadi msimu wake ukifika. Alipofariki nikaachiwa mti na mkasi wake. Sasa ile miaka mvua ilipogoma, 2021 na 2022, kisima chetu maji yakabadilika, ukionja unaskia chumvi kabisa, na asumini haitaki chumvi hata chembe, majani yakaanza kuungua kwenye ncha, yakawa kahawia, yakaanguka. Nikajua nikilala hapa mti wa mama unakwenda.

Kwa wasioijua Lamu, maji matamu ya kisiwa chetu yamekaa chini ya vilima vya mchanga vya Shela, mvua ikinyesha mchanga unayanywa na kuyahifadhi, ndio visima vya upande ule vikawa ndio tegemeo letu. Basi nikapatana na mwenye punda, kila siku ya pili ananiletea mitungi miwili ya lita 20, pesa natoa kwenye za kushona. Ndani ya nyumba tunaoga maji ya chumvi, asumini inaoga maji ya Shela. Mume wangu wiki ya kwanza hakusema kitu. Wiki ya pili akaniuliza, bibie, maji haya ya nani? Nikamwambia ya mama. Hakuuliza tena, na kuanzia siku ile yeye ndiye akawa anapandisha mtungi wa pili ngazini.

Lakini maji peke yake hayakutosha, na hapa nisikilizeni vizuri manake wengi wanakosea. Nilikuwa natia kidogo kidogo kila siku, yale maji yanakauka na chumvi ya zamani inabaki pale pale juu, udongo ukafanya ukoko mweupe. Nikaufukua wote wa juu nikautupa, nikatia maji mengi kwa mara moja mpaka yakatoka chini ya karai, yakabeba ile chumvi, halafu nikaacha siku mbili tatu. Hilo ndilo lililouokoa. Mwisho wa 2022 ulikuwa kijiti tupu, mvua za masika ya 2023 ukachipua. Alasiri ya kwanza nilipochuma matumba (asumini huchumwa ikiwa bado tumba, inafunguka usiku kwenye kikuba chako) nilikaa chini palepale sakafuni nikalia kama mtoto.

Haya, nani anafuata?

Mzee wa Kangaga (Barani, Malindi)

Bi Asumini pole na hongera sana. Mi nilidhani niko peke yangu na vita vya maji.

Hapa kwetu bomba linatoka siku likitaka, na mimi nimefuga kangaga na okidi, vitu vinavyotaka unyevu kila siku. Nafanya kazi dukani. Siku moja nimekaa nje naangalia paipu ya AC inadondosha maji barabarani, tone tone, nkasema hivi haya maji yanaendaje bure na mimi nyumbani kangaga zinakauka? Nkatega mtungi. Joto la kaskazi, lile la Januari na Februari hewa ikiwa nzito, jioni mtungi karibu ujae. Nkaomba duka la pili, halafu famasi, halafu kinyozi, saa hii nna mitungi sita mtaa mzima na kila mmoja nimeuandika jina kwa rangi, nikifunga duka napita na mkokoteni nakusanya. Watu walidhani nimefungua biashara ya maji, mmoja akaja kuulizia bei.

Yale maji hayana chumvi, ni mvuke wa hewani uliogeuka maji kwenye vyuma baridi vya ndani, ndio mana okidi zinayapenda. Usinywe lakini. Na ujue hayana lishe yoyote, lazima uwe unatia mbolea kidogo iliyozimuliwa sana, mi nlikaa mwaka mzima najiuliza mbona majani mazuri maua hakuna.

Bi Asumini

Ami na mwenye famasi hakukuuliza?

Mzee wa Kangaga

Aliuliza, nkampa kangaga moja akaiweka kaunta. Sasa yeye ndiye ananipigia simu mtungi ukijaa.

Mkaza Mwana (Mkomani, Lamu)

Mie nitasema ya baba mkwe wangu kwa heshima zote, na yeye amenipa ruhusa. Huyu mzee ana mawaridi kwenye uga wa nyumba, na anaamini hakuna mbolea duniani kama samadi ya punda, na hapa kwetu punda si haba. Kila alfajiri akitoka msikitini anapita vichochoro na ndoo na kijiko cha bati, anaokota. Mzee wa watu, kanzu nyeupe, kofia ya kiua, anainama anaokota samadi, na anaowapita anawasalimia kama kawaida. Zamani nikiona haya. Siku hizi nikiamka mapema namfungulia mlango na kumpokea ndoo.

Haitii mbichi, anaiweka miezi mitatu minne chini ya makuti, anaigeuza, mpaka iwe haina harufu. Anasema mbichi inaunguza mizizi na inaleta magugu yote punda aliyoyala.

Mwaka jana mlango uliachwa wazi (nilikuwa mimi, nilikuwa nampokea mtoto wa chuoni), punda akaingia akala mawaridi yote saba na matumba yake. Nililia, nikamfuata kumuomba radhi. Akaniambia, mwanangu, yametoka kwake yamerudi kwake, njoo unisaidie kukata vizuri pale alipong'oa. Tukakata mshazari juu ya jicho, tukapaka majivu. Yamechipua yote saba.

Mbebeshaji wa Ganda (Malindi)

Mimi langu refu, vumilieni.

Babu yangu alikuwa na shamba Hindi, bara ya Lamu, na mti mmoja wa embe ngowe, ile ndefu yenye ncha iliyopinda kama mdomo wa ndege, haina nyuzi. Sisi wajukuu wote tumekulia chini yake. Babu alipoondoka shamba likagawanywa, kipande chenye mti kikauzwa na mwenye kununua anataka kujenga, ni haki yake simlaumu. Novemba 2023 napigiwa simu Jumatano, mti unakatwa Jumamosi. Nkaomba ruhusa kazini nkasema kuna msiba. Na kwangu ulikuwa msiba.

Alhamisi nko Hindi. Nkapanda mwenyewe, nkakata vijiti 30, unene wa penseli, vile ambavyo jicho la ncha limevimba lakini halijafunguka, nkatoa majani nkaacha vikonyo tu. Nkavifunga na gazeti bichi, nkapasua gogo la mgomba nkavilaza katikati, nkafunga kwa kamba ya mgomba yenyewe. Gogo la mgomba linatunza baridi na maji, hii nilifunzwa na babu huyohuyo. Halafu nkarudi njiani na ule ndio wakati wa mvua za El Niño, barabara ya Garsen imekatwa na maji, mabasi yamepanga foleni hakuna kwenda mbele wala kurudi. Siku mbili. Watu wanauliza lile gogo la nini, nawaambia ni babu yangu, wengine wakawa wananipisha kivulini, mama mmoja alikuwa akiuza chai akanipa kila asubuhi kikombe cha maji safi ya kurashia gazeti hakutaka hata shilingi. Tulivushwa kwa boti mwishowe. Begi langu la nguo lililowa lote, gogo nilikuwa nimelishika kichwani.

Nimefika Ganda siku ya nne usiku. Miche ya embe dodo nilikuwa nayo tayari kwenye mifuko, nkamwamsha mke wangu anishikie tochi, tukabebesha, yaani kuunga kijiti juu ya mche, mpaka saa tisa, yeye anafunga nailoni mimi nakata. Kisu nakipitisha kwenye moto kila mara. Katika 30 iliyoshika ni 11. Mingine ilikaa kijani wiki tatu nkadhani imeshika kumbe ilikuwa inaishi kwa maji yake yenyewe, halafu ikasinyaa.

Mwaka huu mitano imetoa maua. Nimeyatoa yote, manake mti mdogo ukiuachia uzae utadumaa. Kila ua nililolitoa liliniuma. Mwaka ujao nitaachia.

Bi Asumini

Kaka wa Ganda umeniliza asubuhi asubuhi. Allah amrehemu babu.

Dada wa Muyeye (Malindi)

Yangu fupi. Nna malkia wa usiku, ule mmea wenye majani bapa kama ukanda, unatoa ua kubwa jeupe usiku mmoja tu halafu basi. Nimeungoja miaka minne. Tumba likaanza kunyanyua shingo siku ileile ya hina ya binamu yangu, na nilipoona limevimba nikajua ni leo. Nikaenda hina, nikapakwa mkono mmoja, saa mbili nikaaga. Wakakasirika. Nikarudi nikatandika mkeka uani, nikawaita majirani, tukapika kahawa chungu, na saa tatu likaanza kufunguka tunaliona kwa macho, harufu ikajaa mpaka nje barabarani watu wanasimama. Saa sita, bibi harusi mwenyewe akaja na tuktuk na wenzake, hina haijakauka, wameshika mikono juu. Alfajiri likawa limelala. Picha ya binamu yangu na lile ua ndiyo iliyo ukutani kwake mpaka leo.

Kijana wa Gede

Afadhali wewe dada una usiku mzima, mi vanila yangu ua linafunguka alfajiri mchana lishanyauka, na usipolichavusha kwa mkono ndani ya masaa hayo hupati kitu, manake nyuki wanaolijua wako kwao Mexico. Ndani ya ua kuna kiwambo chembamba kimetenganisha dume na jike, unakinyanyua na kijiti kama cha meno, unabonyeza na kidole gumba mpaka ile poda ishike. Ukishajua ni sekunde chache. Njia hii ilivumbuliwa na kijana mtumwa wa miaka 12, Edmond Albius, kisiwa cha Réunion, mwaka 1841, na mpaka leo dunia nzima wanafanya vilevile alivyofanya yeye. Kila nikishika kijiti namkumbuka, mtoto mdogo hana hata uhuru wake na alikuwa ameliangalia ua vizuri kuliko wakubwa wote.

Sasa maua hayafunguki siku moja, kila kichana kinatoa moja, kesho moja. Wiki tatu mimi nimeamka saa kumi na moja na tochi kichwani. Nilimwambia mwalimu mkuu wazi, mwalimu nna ua, nitachelewa dakika 20, akakisogeza mbele kipindi changu cha kwanza. Baadae akaja na darasa la sita zima kuangalia. Maua 26, maganda 19 yameshika, na yanataka miezi tisa kukomaa. Kima wa msituni wanayachungulia kila siku, kwa hivyo nimeyavika wavu na mchana ndugu yangu mdogo anasomea palepale chini.

Babu wa Mambrui

Wajukuu mnafanya vizuri. Mimi nna minazi. Chonga, yule mdudu wa minazi, akiingia kwenye kilele anakula moyo, jani likifunguka unaliona limekatwa kama kwa mkasi. Nna miaka 71 na bado napanda mwenyewe ile mifupi, na waya wenye ndoana, natia kwenye tundu namvuta nje. Kisha najaza mchanga na majivu kwenye makwapa ya makuti, hapendi. Wanangu wamenikataza kupanda, wakija mchana nimekaa barazani, wakiondoka napanda. Na wewe mwenye lundo la samadi, mwambie mzee alipekue vizuri, chonga anataga humo na kwenye magogo yaliyooza. Ukikuta funza wanene weupe wape kuku.

Mkaza Mwana

Ahsante babu, nimemsomea, ameshachukua jembe.

Dada wa Muyeye

Bi Asumini samahani, kabla hatujalala. Hiyo asumini ya mama, inakatika tawi la kupanda? Binamu yangu anatarajia mtoto, na mimi nataka awe nayo dirishani.

Bi Asumini

Mwanangu, nimelaza tawi kwenye kopo tangu mwezi uliopita na limeshatoa mizizi, nilikuwa nangoja mtu wa kumpa. Kesho namkabidhi kijana wa basi Mokowe, ng'ambo ya bara, saa moja, kopo nimelifunga na leso bichi. Ukilipata usiliweke juani wiki mbili, na upepo wa kusi usiliguse. Maji ya bomba usitie kabisa mwanzoni.

Mzee wa Kangaga

Nitakuwa stendi saa tano na mtungi mmoja wa AC. Dada wa Muyeye, njoo na kitu cha kubebea.