Naombeni ushauri, yule mbweha wa Tolkien ananitesa

Wadau habari zenu, nasoma Lord of the Rings, ile riwaya ya Tolkien, mara ya tatu sasa na nimekwama palepale kwa yule mbweha, anapita usiku anawakuta Frodo (mhusika mkuu) na wenzake wamelala chini ya mti, anashangaa kimoyomoyo halafu huyo anaenda zake, basi, hatumsikii tena! Mbweha anawazaje kama mtu jamani? Tom Bombadil nae, yule mzee wa ajabu wa humo kitabuni, anavaa ile pete inayomfanya mtu asionekane ila yeye wala hapotei machoni, ila huyo angalau Tolkien aliandika kwenye barua ya 1954 kuwa kamwacha fumbo makusudi. Sasa nyie vitu kama hivi mnavifuatilia au mnapotezea? Maana mi daftari limejaa maswali na kurasa haziendi.