Naomba ushauri: kupanga mwaka wa Kizulu, darasa la 10

Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kuhusu mpango wa mwaka wa Kizulu kama lugha ya nyumbani, darasa la 10, Afrika Kusini. Mtaala unatoa saa 9 kila wiki mbili: kusoma na fasihi 4, kuandika 3, kusikiliza na kuzungumza 1, sarufi 1. Hiyo ya sarufi ndiyo inayobana. Kauli ya kutendwa peke yake inaimaliza yote, maana konsonanti hubadilika: bopha huwa boshwa, luma huwa lunywa, na mwanafunzi huandika "bophwa". Je, ifundishwe ndani ya mashairi ya sifa, izibongo, au wakati wa kusahihisha rasimu za insha? Mliowahi kufundisha, mnaigawaje kwa mihula minne?