Mrejesho: Hilux iliyokuwa inamisi

Wakuu, narudi. Niliuliza kwa nini Hilux yangu ya petroli inatetemeka ikiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) na kumisi (silinda moja kukosa kuwaka) ikipanda mlima na magunia ya dagaa kutoka Kibirizi, Kigoma.

Aliyesema nihamishe koili (kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche) kwenda silinda nyingine kabla ya kununua mpya, Mungu akubariki. Tulitoa ya silinda ya 3 tukaipachika ya 1, misi ikahamia huko huko. Koili ilikuwa imekufa. Ila kilichonishangaza ni shimo la plagi: limejaa oili, plagi imeloa kama imechovywa kwenye mawese! Kumbe sili za tapeti kava (mfuniko wa juu ya injini) zilikuwa zinavujisha. Tumebadilisha hizo, plagi zote 4 na koili 1. Fundi alitaka kufungua plagi injini ikiwa ya moto, nikamwambia tunywe chai kwanza ipoe. Jana nimeenda Kasulu na kurudi, taa ya injini haijawaka.